Msifute kadi ya kamera kabla ya nakala ya pili

Mhariri,

Msimu wa harusi ukichanganya hapa Kigoma, kadi ya kumbukumbu ambayo sisi wapiga video tumerekodia sendofu ya Ijumaa pale Mwanga hufutwa Jumamosi asubuhi ikafanye kazi Ujiji. Video za watu zinapotelea hapo.

Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na ushei kila saa. Sherehe ya saa sita inakaribia gigabaiti 135, yaani kadi tatu za gigabaiti 64, na zote zisiguswe mpaka kuwe na nakala kwenye diski mbili. Folda mbili ndani ya diski moja hazihesabiki; diski ikidondoka mezani zinakwenda zote.

Wenzetu wengi huhamisha mafaili badala ya kuyanakili. Kuhamisha hufuta kwenye kadi huku kazi ikiendelea, na waya ukilegea katikati hujui kipi kimebaki wapi. Nakilini, tena folda nzima ya kadi. Kamera nyingi hukata rekodi ndefu vipande vipande, na maelezo ya kuviunganisha hukaa kwenye vifolda vinavyoonekana havina kazi. Kisha linganisheni ukubwa, mfungue kila faili mwanzo, katikati na mwisho. Ukubwa unaweza kufanana na picha bado ikaganda wakati wa kukata keki.

Betri ikizima kamera inarekodi, faili huonekana lina gigabaiti zake lakini halichezi, kwa sababu fahirisi yake, yaani orodha ya wapi kila picha ilipo ndani ya faili, huandikwa mnapobonyeza kusimamisha. Msikimbilie kufomati, yaani kuifuta kadi yote. Irudisheni kadi kwenye kamera ileile; baadhi ya kamera hutaka zenyewe kulirekebisha. Mkifuta kwa bahati mbaya, msirekodi tena kitu humo: programu za kurejesha huokoa tu kile ambacho hakijaandikwa juu yake.

Kupandisha mtandaoni ni ushauri mzuri kwa mwenye intaneti ya kasi. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, hizo gigabaiti 135 ni saa 60 mfululizo, umeme usikatike. Kwetu ni nafuu diski ya pili ilale nyumba nyingine: studio ikiwa Mwanga, yenyewe iwe Gungu.

Nanyi wateja, mkifuata video na flashi, ichezeni palepale hadi mwisho kabla ya kumalizia malipo, na muandikiane kwenye risiti picha ghafi, yaani zilizorekodiwa kabla ya kuhaririwa, zitatunzwa miezi mingapi.

Wapiga video, Kigoma