Jumamosi: kivuli chini ya gego

Asalaam aleikum wenzangu. Tunakutana palepale Tudor, Mombasa, saa tatu asubuhi. Mwenye filamu za zamani za eksirei ya meno azibebe, hata zilizofifia.

Tutaanza na kile kidoa cheusi chini ya magego madogo ya taya ya chini. Wengi hukiita jipu, kumbe huenda ni tundu la neva ya kidevu tu, yaani kitobo cha kawaida kwenye mfupa wa taya inamopita neva hiyo. Utazame ule mstari mweupe unaouzunguka mzizi: ukiwa mzima, usikimbilie kutoboa jino. Piga picha ya pili, mtambo umesogezwa kidogo upande. Tundu litahama, jipu litabaki limeganda kwenye ncha ya mzizi.

Na jamani, mgonjwa achunguliwe mdomo kwanza, ndipo eksirei. Mjamzito aliyevimba shavu naye apigwe picha ikihitajika, asirudishwe nyumbani na maumivu.