Nishati safi: waulizeni wanaopika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Misitu yetu inaishia kwenye matanuri ya mkaa, na moshi unawaumiza vifua mama zetu.

Lakini njooni mkae kibandani kwa mama ntilie huku Mbagala saa kumi na moja alfajiri. Jirani yangu ana mtungi wa gesi wa kilo sita, kaufunika kitambaa cha maua pembeni ya kabati. Anachemshia chai tu. Maharage anayainjika kwenye jiko la mkaa, maana mkaa anaununua kwa kopo kulingana na mauzo ya jana, ilhali gesi inataka fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Si kwamba hajaelimishwa. Hesabu yake kaipiga vizuri kuliko wengi wetu.

Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa mita ipo Dar es Salaam, ila mtaani kwetu bado haijafika. Serikali ipeleke ruzuku huko, isiishie kugawa mitungi. Na watafiti wetu, kabla ya kuandika kwamba wananchi hawana mwamko, wamuulize mpishi jana katumia shilingi ngapi, na kwa nini.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam