Mmegeuza tarakimu mbili, namba tasa ikaacha kuwa tasa

Mhariri,

Jumamosi iliyopita mliandika habari ya namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Nilifurahi, maana si kila siku hesabu hupata nafasi mbele ya mpira. Tena neno "zinazojulikana" mlilipatia, kwa kuwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, hazina mwisho. Ila namba yenyewe mliichapa hivi: 2 kipeo cha 136,279,814, kutoa 1. Sahihi ni 136,279,841. Ile 41 mmeigeuza ikawa 14.

Mtasema ni kosa dogo la chapa. Mimi nimefundisha hesabu darasa la sita na la saba miaka 31, na kuligundua hakukuhitaji kompyuta. Nilikuwa kwa kinyozi nangoja zamu, nikaazima kalamu. Kipeo chenu ni namba shufwa, kwa hiyo zile 2 zinazozidishwa zinapangika jozi jozi. Jozi moja, 2 × 2, ni 4. Gawa kwa 3, baki 1. Jozi mbili ni 16, baki 1. Tatu ni 64, baki 1 tena. Fika jozi zote 68,139,907, baki ni ile ile 1. Sasa itoe, kama mlivyoandika wenyewe. Hakuna kilichobaki. Namba yenu inagawanyika kwa 3!

Kijana aliyekuwa kitini aligeuka ghafla, nusura mashine impitie nyusi. "Kwa hiyo mwalimu, kipeo kikiwa witiri ndiyo tasa?" La hasha. Chukua kipeo cha 11: unapata 2,047, nayo ni 23 × 89. Hata Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye namba hizi zimepewa jina lake, mwaka 1644 aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo alivyodai vinatoa namba tasa. Mwaka 1903 mwanahisabati wa Marekani, Frank Nelson Cole, akaonyesha kwamba 2 kipeo cha 67, kutoa 1, ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Basi msijione wa kwanza kukosea.

Lakini fikirieni kazi iliyofanyika. Luke Durant wa Marekani alikodi kompyuta katika nchi 17. Tarehe 11 Oktoba 2024 mashine iliyoko Dublin, Ireland, ikaishuku namba hii kuwa tasa; kesho yake nyingine ya San Antonio, Texas, ikathibitisha. Tarakimu 41,024,320. Halafu mchapaji wenu akaimaliza kwa kidole kimoja.

Naomba msahihishe, na si chini ya matangazo ya viwanja. Msomaji wenu wa prufu akitaka kujikagua, 2 ikizidishwa yenyewe tena na tena, majibu huishia kwa zamu 2, 4, 8, 6, kisha yanarudia. Gawa 136,279,841 kwa 4, baki ni 1. Basi huishia na 2, na ukitoa 1, namba inaishia na 1. Ile mliyochapa nyie inaishia na 3.

Mwalimu mstaafu,
Korogwe