Mijadala ya wanafunzi mtandaoni isiachwe bila mwalimu

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu wanafunzi wa mtandaoni wanaoacha masomo kwa kukosa wenzao wa kusoma nao. Vyuo vingi hudhani kwamba kumwagiza kila mmoja aandike hoja moja na kuwajibu wenzake wawili kunatosha kuwaunganisha. Matokeo yake tunayaona: “Nakubaliana nawe, hoja nzuri,” kisha kimya, na alama zimeshapatikana.

Mwaka 2000, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza kuwa jumuiya ya kujifunza hujengwa na mambo matatu: wanafunzi kujuana, fikra kuchimbuliwa, na mwalimu kuwepo. Hili la tatu ndilo linalopuuzwa, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwalimu akiuliza “Umelijuaje hilo?” mjadala huamka; akijibu kila ujumbe yeye mwenyewe, wanafunzi hunyamaza wakimsubiri.

Naomba vyuo viwapangie walimu saa za kusimamia mijadala kama wanavyopangiwa vipindi, na viwagawe wanafunzi katika vikundi vidogo visivyobadilika muhula mzima.

Msomaji wenu