Mkwaruzo hauui gari, angalieni uvunguni

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mada yangu si siasa wala Simba na Yanga ila inawagusa vijana wengi wa hapa Dar wanaojichanga muda mrefu wanunue gari ya spoti, iwe Altezza, Impreza, Skyline, RX-8 au Roadster, halafu wanapigwa palepale wanapodhani wamekagua vizuri. Mimi ni fundi bodi na rangi, gereji yetu iko Tabata, kwahiyo haya siyasomi mahali, ndo kazi ya mikono yangu kila siku.

Kinachonikera ni hiki. Kijana ananiita nikamsaidie kuangalia gari yadi, nafika namkuta kashaizunguka mara kibao, bampa la mbele lina mkwaruzo basi uso umemshuka, boneti imepauka anambana dalali ashushe laki tatu, halafu pembeni kuna ingine rangi inawaka hatari, hiyo haulizii kitu, hainami, hachungulii uvunguni, kashatoa simu anapiga nayo picha. Mimi kati ya hizo mbili ningeanza na ile iliyopauka. Rangi iliyopauka ni ya kampuni na jua limeipiga, basi, hakuna mtu aliyepita hapo kuficha kitu. Ile klia, rangi angavu ya juu kabisa, inayobanduka kwenye paa na boneti inatia aibu ukipaki Masaki lakini haijala bati, nasugua, napaka, gari inatoka. Taa za mbele zilizofanya umanjano ni msasa wa maji na polishi tu. Bampa ni plastiki, halishiki kutu hata ulikwaruze vipi. Sasa gari ya mwaka 2001 yenye rangi ya wiki iliyopita, jiulize nani kailipia na kwa nini, maana muuzaji hatoi hela mfukoni kwake ili wewe upendeze.

Wengine wanaogopa vile vidoti vya mawe puani mwa gari. Gari ya spoti iko chini, imekimbia barabara kubwa huko ilikotoka, lazima pua ipigwe vijiwe. Nikikuta gari ina miaka ishirini na pua haina hata kidoti kimoja ndo naanza kutafuta mbele kulitokea nini.

Kuijua rangi ya pili si uchawi. Nenda mchana jua likiwa kali na gari ikiwa kavu, ukifika ukakuta ndo inaoshwa kaa usubiri ikauke maana maji yanaficha mkwaruzo, mpauko na utofauti wa rangi vyote kwa mpigo. Chuchumaa usawa wa taa uangalie ubavu wote mpaka nyuma, kwenye bati lisiloguswa kivuli cha nguzo au ukuta kinapita kimenyooka, penye puti, ile ya kujazia mabonde ya bati, kinapinda pinda. Vuta mpira wa mlango uangalie chini yake, fundi mwenye haraka anaacha mstari wa rangi hapo. Angalia bolti zinazokamata fenda ukifungua boneti, zikiwa zimechunika rangi ujue fenda ilishatoka. Ukimpata mwenye kile kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kampuni kwa gari nyingi inacheza maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 100 mpaka 150 hivi, ukiona 300 hapo imerudiwa, ukiona 1,000 hapo unapima puti. Sumaku nayo inasaidia, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze, ila msije mkaumbuka mbele ya dalali: Roadster, RX-8, Fairlady Z33, Toyota 86, hizo boneti zake ni alumini toka kiwandani, sumaku haishiki hata kama gari haijawahi kuguswa. Na kurudiwa rangi peke yake si dhambi, nisije nikaharibu biashara yangu mwenyewe, mtu kakwanguliwa na bodaboda kwenye foleni Mwenge kapaka fenda moja, kawaida kabisa. Tatizo ni rangi ya kuficha.

Na kinachofichwa mara nyingi ni kutu. Hapa napo watu wanaogopa kinyume. Nilishaona mtu kaikimbia gari nzuri kwa sababu ekzosi ina kutu, jamani ekzosi inapata moto na maji kila siku, ingekuwaje isishike kutu? Kutu nyekundu juu ya disk za breki baada ya mvua inafutika ukikanyaga breki mara chache. Difu, mikono ya chini ya tairi, hivyo ni vyuma vinene, kutu ya juu juu inaweza kukaa hapo miaka isiharibu kitu. Fenda, mlango, boneti, buti, vyote vinafungwa kwa bolti, kikioza unaenda kutafuta cha mtumba Ilala unafunga, inauma mfuko lakini gari inabaki gari. Kutu ya kuogopa ni ile iliyo kwenye bodi yenyewe iliyochomelewa, ule ukingo mrefu chini ya milango, matao ya tairi za nyuma, pale juu shokapu linapokamata bodi, sakafu, na zile reli za chini zinazobeba injini. Hapo hakuna spea ya kufunga. Ni kukata na kuchomelea bati jipya, na fundi wa kuifanya kazi hiyo ikanyooka wapo wachache mno.

Kuna Impreza ililetwa kwetu, jamaa kainunua juzi juzi tu kwenye yadi moja mjini hapa, nyeupe, rimu za dhahabu, tamu kwelikweli. Anataka tumsugulie kipele kimoja cha rangi juu ya tairi ya nyuma kulia, kidogo kuliko kifungo cha shati. Nikagusa na msasa kikafunguka, chini yake puti nene kama kidole, chini ya puti nikakuta gazeti limekunjwa likashindiliwa ndani ya tundu (samahani Mhariri, halikuwa lenu, lilikuwa la michezo). Tao lote lilikuwa halipo, lilikuwa puti na karatasi. Puti inanyonya unyevu, hasa mahali ambapo nyuma yake ni wazi na tairi inarushia maji, kwahiyo bati lililobaki linaendelea kuliwa huko ndani wakati nje panang'aa. Kutu ni kama mchwa, ukiona dalili nje ujue ndani walishahamia zamani. Impreza za zamani ugonjwa wao ni huohuo, matao ya nyuma na kule juu ya shokapu za nyuma, kwahiyo toa mkeka wa buti uangalie, ingiza mkono ndani ya tao upapase kwa vidole, ukisikia magamba au udongo mkavu ulioganda usione aibu kuuliza.

Skyline R32 na R33 unafungua boneti unaangalia juu ya shokapu za mbele, pale kwenye maungio ya bati. Ile silanti, gundi ya kuziba maungio, ikiwa imevimba au imepasuka na rangi ya chai inatokea chini yake, hapo kuna kesi.

Roadster, ile ya Mazda yenye paa la turubai, ndo nataka niielezee vizuri kwa sababu zinaingia mjini siku hizi na watu wanaangalia turubai limechanika au la, wakishaona liko zima wanalipa. Gari isiyo na paa la bati nguvu yake kubwa iko kwenye ule ukingo wa chini ya milango, ukioza gari inalegea hata mlango unaanza kugoma kufunga. Sasa Mazda wameweka mifereji miwili nyuma ya viti, kushoto na kulia, maji ya mvua yakishuka kwenye turubai yanapita humo yanatokea chini mbele ya tairi za nyuma. Gari ikilala chini ya mwembe au mwarobaini mwaka mzima majani yanaziba mfereji, maji yanakosa njia, yanaingia ndani ya ukingo au chini ya kapeti na yanakaa. Chukua chupa ya maji, mwaga taratibu pale juu ya mfereji, mwenzio achungulie chini. Yakitoka pande zote mbili vizuri. Upande mmoja ukiwa mkavu, bonyeza kwa dole gumba sehemu ya chini kabisa ya ukingo mbele ya tairi ya nyuma, halafu gonga kwa mpini wa bisibisi, mwombe mwenye gari kwanza, ikilia ko ko ko bati lipo, ikilia pwa kama imejaa mchanga mshukuru mwenye gari uondoke.

Kwenye uvungu wenyewe hakuna njia ya mkato. Omba boksi utandike ulale chini na tochi, au bora muipeleke gereji yenye lifti au shimo, muuzaji akikataa gari isiende kunyanyuliwa hilo ni jibu tayari. Ukikuta chini kote kumepakwa ile nyeusi ya lami na bado inanuka, au kumepulizwa oili chafu, usishangilie. Mwenye gari safi chini anaiacha uione. Angalia pia pale pa kupigia jeki, gari zilizoshushwa zinaburuzika kwenye matuta yetu haya kila siku, lami ya kiwandani inachubuka, bati linabaki uchi na kutu inaanzia hapo. Na zile ovafenda, mabawa ya kupanua matao ya tairi, za kupigwa ribiti mimi siziamini mpaka nione ndani, maana wanakata tao kuzifunga na wengi hawapaki kitu kwenye makali waliyokata, au tao lilishaoza ndo maana zikafungwa.

Sisi Dar hatumwagi chumvi barabarani, wenzetu wanamwaga. Hokkaido, Aomori, Niigata huko Japani theluji inaanguka kweli, na Uingereza kila baridi barabara zinamwagiwa chumvi, kwahiyo gari inaweza kushuka bandarini rangi safi kabisa na uvungu umeshaliwa. Ikifika huku kwenye joto na unyevu wetu na hewa ya bahari, ukiishi Kigamboni au Mbezi Beach unaijua hata kwenye grili za madirisha, ile kutu haipumziki. Ya Japani dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya mkaguzi gari ilipouzwa mnadani kule. Kwenye ile ramani ya gari iliyochorwa humo herufi A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipowahi kunyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Kijana akiona A1 sita anakimbia, A1 sita ni mikwaruzo midogo, mimi S moja ndo inanishtua. Na ramani inaonyesha zaidi bodi ya nje, habari za chini mkaguzi anaziandika kwa maneno ya Kijapani pembeni, mwambie wakala atafsiri yote sio ile alama ya jumla (grade) tu. Ya Uingereza ni rahisi zaidi, ukaguzi wao wa kila mwaka wa MOT historia yake kuanzia 2005 iko mtandaoni bure, unaingiza namba ya usajili ya kule unasoma kila mwaka mkaguzi aliandika nini kuhusu kutu.

Na tuache ushamba wa namba za usajili. Gari ya zaidi ya miaka 8 ikiingizwa inapigwa na ushuru wa uchakavu, kwahiyo wengi mnanunua zilizopo mjini tayari zimepita mikono mingi, dalali anakwambia "namba E hii bosi" na bei inapanda. Namba E maana yake imesajiliwa hapa juzi, chuma kinaweza kuwa cha 1999. Wakati namba C ya mtu aliyeitunza Dodoma kwenye ukavu inaweza kuwa na uvungu mzuri kuliko hiyo. Gari zilizoogelea mafuriko ya Jangwani sizisemi sana, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, ukitoka na tope unajua.

Ombi langu kwenu Mhariri ni moja. Matangazo ya magari kwenye gazeti lenu yote yanaandika "imenyooka, haina mkwaruzo", picha moja ya ubavu. Waambieni wanaotangaza gari za spoti walete na picha ya uvunguni, ya matao ya nyuma, na karatasi ya mnada kama ipo. Asiyekuwa nazo atangaze hivyohivyo, wasomaji wataelewa wenyewe. Mkikubali nitakuwa wa kwanza kulipia nafasi, nina Celica ya 2000 nauza, mlango wa kulia una kutu chini na picha yake nitaileta hiyohiyo.

Fundi bodi,
Tabata, Dar es Salaam