Barua kwa Mwanangu: Zindiko Nililolifukua

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Juzi kwenye simu ulinieleza kwamba jirani yako wa duka huko Kariakoo anakushauri umwite mtaalamu akuzindikie biashara, nami nikanyamaza, kwa sababu kuna jambo sijapata kukusimulia.

Ulipokuwa darasa la tano dagaa waliadimika, mitumbwi ya Kibirizi ikawa inarudi alfajiri nyavu tupu, nami nilikuwa na madeni ya watu. Mganga mmoja akanipa kifundo cha kaniki kilichofungwa kwa uzi mwekundu, nikakizika chini ya kizingiti cha duka. Mwanangu, swala sikuiacha hata siku moja. Ila kila asubuhi nilitazama kizingiti kabla ya kutamka Bismillahi. Mteja akija, moyoni nilikishukuru kifundo, na asipokuja nilihofu kuwa nimekiudhi. Tasbihi yangu ilining'inia msumarini hadi ikashika vumbi.

Usiku mmoja wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, nilikuwa nasoma Surat Taha. Katika aya ya 14 Mwenyezi Mungu anamwamuru Nabii Musa asimamishe swala kwa ajili ya kumkumbuka, na katika aya ya 42 anamwambia yeye na nduguye Harun wasilegee katika kumkumbuka. Mbele kidogo, katika sura hiyo hiyo, kaumu ya Musa inamwabudu ndama aliyetengenezwa na Samiri kwa mapambo waliyokuwa wameyabeba. Watu hao walikuwa wamepitishwa njia kavu baharini, wakamwona Firauni akizama, na Musa aliwaacha siku 40 tu! Hawakukosa dalili za Mola wao. Walizisahau, na pale palipoachwa na ukumbusho ndama akapata pa kusimama. Miaka yote nilikuwa nikimlaani Samiri, kumbe ndama wangu nimemzika mlangoni.

Kulipokucha nilichukua jembe nikakifukua. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya mizizi, nywele, na karatasi iliyoliwa na mchwa. Nilikichoma, na majivu nikayatupa ziwani, kama Musa alivyomfanyia yule ndama. Sikufichi, dagaa hawakurudi siku ile wala mwezi ule, na madeni niliyalipa polepole kwa kuuza mawese. Lakini ile hofu ya kizingiti ilinitoka.

Basi huyo mtaalamu usimwite, na jirani yako usimgombeze, huenda naye ameelemewa kama nilivyokuwa mimi. Taja Bismillahi ufunguo ukiwa bado mkononi, na baada ya kila swala usinyanyuke kabla hujatimiza Subhanallah, Alhamdulillah na Allahu Akbar, mara 33 kila moja, hata kama wateja wanakusubiri. Tasbihi ile ile nimeifuta vumbi na kuifunga pamoja na barua hii. Punje moja ina ufa, lakini uzi wake ni mpya. Mama yako ameutunga jana.

Baba yako