Kosa la karani si la mfungwa

Mhariri,

Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, mtu alihukumiwa miaka 13 kwa wizi wa kutumia silaha, akabaki nje kwa dhamana akisubiri rufaa. Rufaa ilipotupwa, hakuna aliyemfuata. Kwenye makaratasi alionekana yuko ndani. Kosa liligunduliwa 2013, ulipofika wakati wa kumwachia! Ndipo akakamatwa na kupelekwa gerezani. Hakuwa amejificha: alioa na kuendesha biashara kwa jina lake halisi. Mei 2014 jaji alimhesabia siku 4,794 za uraiani kama kifungo, akatoka.

Naunga mkono. Ila tabia njema pekee isiwe kipimo. Tuulize kwanza ni nani aliyechelewesha. Mtoro asihesabiwe hata siku moja. Na rufaa ikitupwa, masjala ipeleke amri gerezani siku hiyohiyo, gereza lithibitishe kwa maandishi kuwa limempokea mfungwa.